Salamu Tatu Mlangoni pa Stoo

Kuna Jumamosi moja, mwanangu, ambayo nikiifikiria hata leo miguu hii yenye baridi yabisi inataka kunyanyuka. Niliamka kabla ya jogoo wa shule. Nilikuwa darasa la sita kama wewe, katika shule ya bweni ya wasichana huko huko Bariadi, enzi hizo Simiyu ni jina la mto tu, mkoa hatujaupata. Filimbi ya kiongozi wa ngoma ilikuwa shingoni mwangu. Nililala nayo. Ilikuwa imeniachia alama kifuani, na alama yenyewe niliionea fahari.

Ilikuwa sikukuu ya shule. Ndiyo maana juzi uliponipigia kwa simu ya matroni, maneno yakikimbizana mdomoni, moyo wangu ulienda mbio pamoja na wako. Ukaniambia Jumamosi hii ni Siku ya Wazazi, kutakuwa na mdahalo, maonyesho ya klabu ya mapishi na klabu ya mazingira, gwaride la skauti, na wewe, Kabula wangu, ndiye mshereheshaji, maikrofoni mkononi tangu saa tatu asubuhi mpaka mgeni rasmi aondoke. Nikapiga kigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Kisha ukashusha sauti. "Lakini bibi, ukifika ukae tu. Usiniite. Nitakuwa bize, nitakuja mwenyewe nikimaliza."

Nikasema sawa. Sikukasirika, usinielewe vibaya. Nilikaa kwenye kigoda nikacheka peke yangu, maana mwenzio niliwahi kuwa bize kuliko wewe. Nimeona nikuandikie, kwa sababu salio la simu ya matroni huisha kabla ya maneno yangu.

Sisi hatukuwa na maikrofoni. Tulikuwa na chokaa. Wiki nzima tulipaka chokaa mawe ya njiani, tukapaka na mashina ya miti, na Minza, rafiki yangu wa kitanda cha jirani, akapaka hata ndoo ya mwalimu kwa bahati mbaya. Kulikuwa na mbio za magunia, kukimbia na yai kwenye kijiko, meza ya vitambaa tulivyofuma, na ngonjera ya darasa la nne ambayo kila mwaka mmoja wao alisahau ubeti wake akalia. Lakini hayo yote yalikuwa mboga. Ugali wenyewe ulikuwa ngoma ya majembe, saa nane mchana, bweni la Simiyu dhidi ya bweni la Duma, yote majina ya mito yetu. Mimi Milembe ndiye niliyekuwa kiongozi wa Simiyu.

Unajua ngoma zetu Usukumani zinavyoshindaniwa. Hakuna majaji wenye karatasi. Pande mbili zinapiga kwa wakati mmoja, moja huku na nyingine kule, na watu wanakwenda wanakovutwa. Wakikuacha, umeshindwa, hata ungecheza mpaka kisigino kipasuke. Kwetu mwalimu alichora mstari wa chokaa katikati ya uwanja, na filimbi ya mwisho ikipigwa, upande wenye watu wengi ndio mshindi. Na mwaka ule mshindi alikuwa apelekwe Maswa Jumamosi inayofuata, kwa lori la pamba, kucheza kwenye sherehe ya wakulima. Maswa, mwanangu! Kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, kwenye taa za umeme! Sikuwahi kuona taa ya umeme ikiwaka. Niliota Maswa hata darasani, macho yakiwa wazi.

Sasa hapa ndipo ujinga wangu unapoanza.

Mjomba Masanja, kaka yake mama, alikuwa mchezaji aliyejulikana kuanzia kwetu Migato mpaka kuvuka mto. Likizo iliyotangulia nilimganda. Nikitoka kisimani, mjomba nipe dawa ya mvuto. Nikitoka shambani, mjomba wachezaji wakubwa wote wanayo, nipe na mimi. Siku tatu sikufunga mdomo. Siku ya nne akanipa kifuko cha ngozi ya mbuzi, kimeshonwa kwa uzi mweusi, nikifunge kiunoni siku ya ngoma. Akaniambia kwa uso mkavu, "Ina mwiko. Tangu jua linachomoza mpaka ngoma iishe, usimsalimu mtu wala usiitikie salamu ya mtu. Ukiitika tu, mvuto unahamia kwake."

Nikaapa. Mimi, mtoto wa Kisukuma, niliyefundishwa kupiga goti kwa kila mtu mzima hata aliye ng'ambo ya barabara, nikaapa kutosalimu mtu mchana kutwa.

Basi Jumamosi ile, wenzangu wakikimbia huku na huko na vitambaa vya rangi, mimi nilijifungia stoo ya majembe. Nilisema nayang'arisha, na kweli niliyang'arisha kwa mchanga na majivu mpaka ungeweza kujitazama meno. Nje nilisikia magari ya wageni, nikasikia kwaya ikijaribu sauti, nikasikia vicheko. Ni Minza peke yake niliyemkubali ndani, kwa kuwa tulikwisha salimiana kabla ya jua kuchomoza, na kwa kuwa alijua habari ya kifuko.

Saa nne hivi mlango ulifunguka. Kabla sijageuka nilijua ni nani, kwa harufu ya moshi wa kuni za nyumbani.

Alikuwa mama.

Mama yangu hakuwahi kukanyaga shule ile. Alikuwa ametembea kutoka nyumbani mpaka barabarani, akaomba nafasi juu ya lori la pamba, akaja amekaa kwenye marobota. Khanga yake ilikuwa na vumbi mpaka kifuani, na pamba imemnasa kichwani kama mvi. Mkononi ana kikapu. Nyuma yake, uwanjani, walipita wake wa maofisa na viatu vyao vya kisigino. Miezi mitatu sikuwa nimemwona.

Kwa desturi mimi ndiye niliyepaswa kuanza, tena kwa goti. Mama aliona nimeduwaa, akanisaidia.

"Mwangaluka, ng'wanone."

Ndiyo salamu yetu ya asubuhi, na ng'wanone ni mwanangu, kama ninavyokuita wewe. Nilikazana kusugua jembe. Akadhani sikusikia.

"Mwangaluka, ng'wanone. Ni mimi."

Nikageuza uso ukutani. Mwanangu, nasema ukweli wote: sikuwa nalia, sikuwa na huzuni. Nilikuwa nafikiria Maswa. Nilijisemea, nitamweleza jioni, tutacheka. Akasalimu mara ya tatu, safari hii kwa sauti ndogo, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya wenyewe. Minza hakuweza kuvumilia. Alipiga goti pale pale kwenye majivu akaitikia yeye, akamuuliza habari za Migato na za ng'ombe, mpaka ungedhani ni mama yake.

Mama alijibu vizuri. Akaweka kikapu chini karibu na mlango, akanitazama mgongo kwa muda, akatoka. Nikamaliza jembe langu.

Saa nane ikafika. Haya, hapa niache nijisifu kidogo, maana ngoma ile ilichezwa! Tulitoka stoo tukikimbia, wasichana ishirini na majembe ishirini yanayowaka juani. Nikapuliza filimbi, ngoma ikajibu, majembe yakapaa hewani yakazunguka, yakashuka mikononi mwetu kwa pamoja, pa! Wa Duma nao hawakuwa wa mchezo, walikuwa na msichana mmoja kutoka Kimali anayerusha jembe nyuma ya mgongo na kulidaka bila kuangalia. Watu wakaenda kwake. Nikaona mstari wa chokaa ukivukwa, mtu mmoja, watano, kumi, wanatuacha. Nikashika kiuno, kifuko kipo. Nikapuliza filimbi ya pili na tukashuka wote mpaka magotini, tukalima hewa, tukaimba wimbo wa palizi kwa sauti ya chini mpaka uwanja ukanyamaza kutusikiliza, kisha tukalipuka. Watu wakarudi wakikimbia! Wakubwa kwa wadogo, wake wa maofisa wameshika viatu mkononi, hata mgeni rasmi alitoka kwenye kiti chake. Filimbi ya mwisho ilipopigwa, upande wa Duma walibaki wapiga ngoma wao na mbuzi mmoja.

Nilibebwa juu juu. Nililia kwa furaha. Nikiwa kule juu ya mabega ya watu nikaanza kuutafuta uso wa mama, ili nimwitie salamu yangu kwa kelele zote. Nilitafuta upande wa kina mama, nikatafuta kivulini, nikatafuta kwenye foleni ya pilau. Hakuwepo.

Nikakimbia stoo. Kikapu kilikuwa pale pale. Ndani mlikuwa na matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha nilivyovipenda kuliko nyama, na karanga za kukaanga. Chini kabisa, zimefungwa kwenye kitambaa safi, mlikuwa na njuga. Njuga za mama mwenyewe, alizochezea usichana wake. Alikuwa ameniletea nizivae miguuni.

Mpishi wetu, Mama Holo, mwanamke mzee ambaye hata mwalimu mkuu alimwogopa, alinikuta nimekaa sakafuni na njuga mapajani. Alikuwa na mwiko mkubwa wa ugali mkononi.

"Mama yako ameondoka na lori lile lile," akasema. "Hata ngoma hakuingoja. Kaniambia, 'Mwambie nimemwona, ni mzima. Nisimwaibishe mbele ya wenzake.'"

Nikaanza kueleza habari ya kifuko. Aliniacha nieleze mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Milembe, uwanja wote umeuvuta. Umemfukuza mmoja tu, na huyo ndiye aliyekuja kwa ajili yako." Akarudi jikoni kwake. Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Majuto ni mjukuu, walisema wahenga, na wewe mjukuu usicheke. Usiku ule bweni zima liliimba Maswa, Maswa, nami kiongozi wao nimejifunika shuka kichwani. Nilifikiri kuandika barua. Waraka ni nusu ya kuonana, lakini mama hakujua kusoma, na barua ingesomwa na mjomba mbele ya majirani. Nusu isingetosha. Ilibidi niende mwenyewe.

Jumatatu nilikwenda kwa mwalimu mkuu, mama mmoja wa Kihaya aliyependa utaratibu kuliko chakula. Nikaweka kifuko mezani kwake nikasema yote. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Dawa kwenye shule yangu," akasema, akinirudishia kifuko kwa ncha ya kalamu. "Utamwagilia bustani mwezi mzima. Kuhusu kutoka, ruhusa yako ni moja. Jumamosi uende Maswa, au Jumamosi uende kwa mama yako. Nakusikiliza."

Mwanangu, usidhani nilijibu haraka kama watoto wema wa kwenye vitabu. Nilisimama pale mpaka kengele ikapigwa. Niliiona Maswa yote, na taa zake. Halafu nikaivua filimbi shingoni nikaomba apewe Minza.

Jumamosi alfajiri lori la Maswa lilitoka na nyimbo kuelekea kusini, nami nikatoka kwa miguu na Mama Holo, aliyekuwa anakwenda kwa nduguze upande wa kwetu. Nilimkuta mama shambani, anachuma pamba ya mwisho mwisho, akitenga safi huku na fafi, ile chafu, kule. Nikapiga goti mwanzoni mwa mstari wake.

"Mwangaluka, mayu."

Akachuma. Nikasema mara ya pili, mama, mwangaluka. Akachuma tumba jingine, akalitia kwenye fuko. Niligundua nimebakiwa na salamu moja tu, na kama hataitika hii sikujua tena nifanye nini duniani. Nikaisema huku nalia.

Mama akanyoosha mgongo. "Kumbe sauti unayo," akasema. Kisha, polepole, "Mwangaluka, ng'wanone. Mhola?"

Hujambo, ananiuliza. Nikashindwa kujibu mhola kwa kilio. Nikampa kifuko, nikamsimulia kila kitu pale pale nimepiga goti. Alikitazama, akakata uzi kwa meno, akamwaga kilichomo kiganjani. Pumba za mtama na majivu. Akamwita kaka yake kwa sauti iliyofika mpaka kwenye zizi, na mjomba Masanja akaja akikwepa macho yetu.

"Hii ndiyo dawa?"

"Dada, huyu mtoto alinisumbua siku tatu bila kufunga mdomo," mjomba akajitetea. "Nikatafuta mwiko wa kuufunga. Ningejuaje kwamba ataushika!"

Mama alijitahidi kukasirika. Nilimwona akijitahidi. Lakini kicheko kilimpanda tangu tumboni, akacheka mpaka akakaa juu ya gunia la pamba, na mimi nikacheka huku kamasi zikinitoka. Kwa hiyo tulishinda kwa mikono yetu wenyewe iliyotoka malengelenge, kwa mazoezi ya kila jioni tangu mvua za masika, na mimi nilimnyima mama salamu kwa ajili ya pumba!

Alipomaliza kujifuta machozi akauliza, "Leo ulitakiwa kuwa wapi?"

"Maswa."

Akafungua kifurushi nilichokuja nacho, akaziona njuga zake, akainama akanifunga mwenyewe, mguu huu na mguu huu. "Nilipanda lori la pamba nikaone ngoma," akasema, "na ngoma sijaiona. Haya."

Mjomba akageuza debe la maji akaanza kulipiga. Nikachukua jembe la palizi, na nakuambia, mwanangu, pale uwanjani Bariadi sikucheza hata nusu ya nilivyocheza kati ya ile mistari ya pamba. Nilirusha jembe nyuma ya mgongo kama yule msichana wa Kimali, jambo ambalo sikuwahi kuliweza, nikalidaka! Mama akapiga kigelegele, akajifunga khanga kiunoni, akaingia. Watu wa mashamba ya jirani wakaja mmoja mmoja. Mcheza kwao hutunzwa, na mimi nilitunzwa mahindi ya kuchoma matatu na kuku mmoja.

Kuhusu Maswa, Minza aliniletea hadithi za zile taa, nikazisikiliza mwaka mzima, na kila mara niliumia. Sitakudanganya kwamba sikuumia. Lakini kama ningeulizwa tena leo, ningevua filimbi ile bila kungoja kengele.

Sasa nisikilize, maana nimekuzungusha vya kutosha. Furahia siku yako. Jiandae mpaka ulimi uchoke, shika maikrofoni vizuri, uwavute watu wote wa Bariadi, nami nataka uwavute. Mafanikio si dhambi na shangwe si dhambi. Ila usiamini kamwe kwamba kuna kazi kubwa kiasi cha kukuzuia kumwitikia aliyekuja kwa ajili yako. Salamu haichukui hata pumzi moja, mwanangu, na ukimnyima mtu unaweza kulazimika kuifuata kwa miguu mpaka Migato. Atakayekuambia ili uwe mkubwa ni lazima uwageuzie watu wako mgongo, hata awe mjomba wako, mfungulie kifuko chake utazame kilichomo. Na mwambie na mwenzako yeyote ambaye Jumamosi atamwona mama yake anashuka kwenye bodaboda na vumbi lake: amkimbilie kabla hajakaribishwa kiti.

Mungu akupe sauti inayofika mbali, na masikio yanayosikia karibu. Akupe mikono isiyoogopa malengelenge. Siku za kubebwa mabegani ziwe nyingi kwako, na kila utakapotazama chini kutoka kule juu, umwone unayemtafuta.

Jumamosi nitakuja na gari la saa mbili. Ulisema nikae tu, nami nitakaa, tena kiti cha mbele. Lakini ukishika maikrofoni nitasimama mara moja tu, nitasema Mwangaluka kwa sauti yangu yote, na ndani ya kikapu changu kutakuwa na matobolwa na njuga za mama yangu.

Uitikie.